Kutafuta chimbuko la seli shina za damu kwenye kiinitete cha panya

Uboho wa mtu mzima humimina mamilioni ya seli mpya kwenye damu kila sekunde, na zote ni za ukoo mmoja: seli shina za damu, chache mno, zinazokaa ndani ya mifupa. Lakini mifupa haikuzizaa. Zilihamia humo kutoka kwenye ini la kiinitete, na ini nalo lilizipokea tu. Ukirudi nyuma kwa panya wa maabara, mnyama aliyechunguzwa zaidi katika jambo hili, unafika kwenye kipande cha nyama kilichopo katikati ya mwili wa kiinitete cha siku ya 10.5 hadi 11.5. Ndani yake umo mshipa mkuu wa mgongoni, yaani aota, na pembeni yake kuna chipukizi la tezi za uzazi na figo ya awali iitwayo mesonefrosi. Kwa kifupi cha kimataifa kipande hicho huitwa AGM (aota, gonadi, mesonefrosi).

Hapa tunaeleza namna ya kukikata, kukikuza nje ya mwili, na kukipima kwa kupandikiza. Anayefanya kazi hii akumbuke tangu mwanzo kwamba mahali seli ilipokutwa si lazima pawe ndipo ilipozaliwa. Moyo wa kiinitete cha panya huanza kupiga kabla ya siku ya 9, na damu ikishazunguka, seli iliyozaliwa pande hizi inaweza kuokotwa upande wa pili. Karibu kila hatua iliyo hapa chini imewekwa ili kutenganisha mambo hayo mawili.

Kosa hilo liliwahi kuiongoza taaluma nzima kwa miaka. Mwaka 1970 Moore na Metcalf walieleza kwamba mfuko wa kiiniyai, ambao kweli hutoa seli nyekundu za kwanza kabisa, ndio chimbuko la damu yote. Mwaka 1975, nchini Ufaransa, Françoise Dieterlen-Lièvre alipachika kiinitete cha kware juu ya mfuko wa kiiniyai wa kuku, akaona kwamba damu ya kudumu ilikuwa na seli za kware: ilitoka ndani ya mwili wa kiinitete, si kwenye mfuko. Kwa mamalia ilibidi kusubiri hadi 1994, Müller, Medvinsky, Dzierzak na wenzao walipopandikiza seli za AGM kwa panya wazima na kupata damu ya kudumu. Mwaka 1996 Medvinsky na Dzierzak wakakuza AGM peke yake, ikiwa imekwisha kutengwa na mzunguko wa damu, na seli shina zikaongezeka humo humo.

Kupanga siku na saa

Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama, kwa mama wajawazito na kwa panya watakaopokea mionzi pia. Kibali cha kuzalisha peke yake hakitoshi.

Weka dume na majike jioni. Asubuhi, kabla ya saa tatu, kagua kila jike kama ana kizibo cheupe ukeni. Ukichelewa kizibo hudondoka na siku inapotea. Panya wengi hupandana karibu na saa sita usiku, kwa hiyo saa sita mchana ya siku ya kizibo huhesabiwa kuwa siku ya 0.5. Ukitaka siku ya 11.5, fungua mji wa mimba saa sita mchana, siku 11 baadaye. Mahuluti wa kizazi cha kwanza, kwa mfano C57BL/6 na CBA, huwa na mimba kubwa kuliko C57BL/6 halisi, na kwa kazi inayohitaji viinitete vingi vya saa ile ile hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo usiamini kalenda. Viinitete vya mji mmoja wa mimba hutofautiana kwa saa kadhaa, na katika umri huu saa chache ndizo zinazotenganisha AGM isiyo na seli shina na AGM iliyo nayo. Hesabu somaiti, vile vijumba vya nyama vilivyopangwa jozi jozi kando ya uti wa mgongo. Kichipukizi cha mguu wa mbele kiko mkabala wa jozi ya 8 hadi 12, na cha nyuma mkabala wa ya 23 hadi 28. Ukishajua hivyo, anzia mguu wa nyuma na uhesabu kuelekea mkiani. Kiinitete cha siku ya 10 kina jozi 30 hadi 34 hivi, cha siku ya 10.5 kina kama 35 hadi 39, na cha siku ya 11 kimevuka 40. Baada ya jozi 45 mkia huwa mgumu kuhesabu. Hapo tazama jicho. Kwa panya wenye rangi, duara jeusi jichoni huanza kuonekana karibu na siku ya 11.5. Kwa panya weupe kipimo hiki hakipo.

Gawa viinitete kwa idadi ya somaiti, uandike kila kundi kwenye daftari kabla ya kukata. Matokeo ya kundi lililochanganya jozi 36 na jozi 44 hayasemi chochote.

Meza ya kazi

Utahitaji hadubini ya kukatia yenye mwanga wa kutoka chini na wa pembeni, koleo mbili nyembamba za namba 5 ambazo ncha zake hazijapinda, na sindano mbili za tungsteni zilizonolewa, au sindano nyembamba za sirinji kama huna tungsteni. Koleo ikianguka hata mara moja, ipumzishe: ncha iliyopinda huvuta nyama badala ya kuikata, na aota hupasuka.

Kimiminika cha kukatia ni PBS (maji ya chumvi yaliyosawazishwa kwa fosfeti) yenye seramu ya ndama asilimia 10, penisilini na streptomaisini. Seramu haiwekwi kwa ajili ya lishe tu. Bila protini nyama hunata kwenye plastiki na kwenye ncha za koleo, na seli zilizo wazi hufa upesi. Andaa sahani tano au sita za milimita 60, si moja. Sahani ya kwanza itajaa damu ya mama, ya pili damu ya kiinitete, na damu hiyo imebeba seli zile zile unazotafuta chimbuko lake.

Kukata

Ondoa pembe zote mbili za mji wa mimba, zioshe, kisha tenga kila chumba. Chana ukuta wa misuli kwa koleo mbili bila kuugandamiza mpira uliomo ndani, yaani kiinitete na tando zake. Ukiubana, kiinitete hutoka ghafla na kuchanika kitovuni. Ondoa desidua (utando wa mji wa mimba unaokizunguka kiinitete), kondo la nyuma ukilitenga kwa uangalifu, na utando wa Reichert ulioshikamana nje ya mfuko wa kiiniyai. Sasa utauona mfuko wenyewe ukiwa na mishipa yake, na ndani yake chupa yenye kiinitete.

Kama utapima pia mfuko wa kiiniyai na kondo la nyuma, na inafaa uvipime, kata mishipa kwa mpango. Ateri inayokwenda mfukoni na ateri ya kitovu nazo huzaa seli shina. De Bruijn na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2000. Ukikata karibu na mfuko, sehemu kubwa ya ateri hubaki na mwili. Ukikata karibu na mwili, ateri huenda na mfuko. Matokeo ya "mfuko una seli shina" yanaweza kuwa ya ateri uliyoiacha ikining'inia. Njia safi ni kuikata pande zote mbili na kuiweka kwenye mrija wake peke yake.

Hamisha kiinitete kwenye sahani mpya. Kata kichwa pamoja na eneo la moyo, chini kidogo ya miguu ya mbele. Kata mkia, nyuma kidogo ya miguu ya nyuma. Kilichobaki ni kiwiliwili. Kilaze ubavu, mgongo ukielekea kwako, na uondoe vichipukizi vya miguu.

Upande wa tumbo una utumbo, mapafu machanga na ini. Ini lina rangi nyekundu iliyokolea na ni laini kama jeli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kuanzia siku ya 11.5 ini huanza kupokea seli shina, na siku ya 12 tayari lina kadiri ya 50, wakati AGM ya siku ya 11 ina moja tu kwa wastani. Kipande cha ini chenye ukubwa wa punje ya chumvi kikibaki kwenye AGM kinaweza kubadili jibu lote. Ingiza sindano kati ya utumbo na ukuta wa mgongo, inua viungo vya tumboni vikiwa kipande kimoja, kisha ukate mshikizo wake kwa mwendo mfupi mfupi. Usivute. Ini likipasuka, kioshe kiwiliwili mara mbili na uhamie sahani nyingine kabla ya kuendelea.

Sasa geuza mgongo juu. Mrija wa neva na somaiti huonekana kama ukanda mweupe mzito, na chini yake, ukiwasha mwanga wa chini, utaona mstari wenye damu: hiyo ndiyo aota. Pitisha sindano moja kati ya aota na mrija wa neva, ishikilie kiwiliwili kikae imara, na kwa sindano ya pili ukate sambamba na mstari, ukiondoa mrija wa neva na somaiti za pande zote mbili. Ukikata karibu mno utaondoa ukuta wa juu wa aota. Ukikata mbali utaacha somaiti nyingi, ambazo hazina ubaya kwenye upandikizaji ila huongeza seli zisizo na kazi na kuziba kichujio.

Kinachobaki ni utepe mfupi: aota katikati, kingo mbili zenye mesonefrosi na tezi za uzazi pembeni. Mwenye mkono uliozoea humaliza kiinitete kimoja kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Anayeanza ajifunze kwanza kwenye viinitete vya siku ya 12, ambavyo ni vikubwa, kabla ya kugusa vya siku ya 10.5. Weka AGM zilizokwisha kukatwa kwenye barafu, na usivuke saa tatu au nne kati ya kumtoa mama uhai na hatua inayofuata.

Unaweza kwenda mbali zaidi na kupasua aota yenyewe, sakafu ya upande wa tumbo ikitengwa na ya upande wa mgongo. Kazi ni ngumu lakini inalipa: seli shina zilizokamilika huzaliwa zaidi upande wa tumbo, ingawa vishada vya seli vinaonekana pande zote mbili.

Kutenganisha seli

Weka AGM kwenye kolajenezi (kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikanisha seli) ya aina ya I, asilimia 0.125, ndani ya PBS yenye seramu asilimia 10. Mililita 1 inatosha AGM kumi. Ziache kwenye nyuzi 37 kwa dakika 45 hadi 60, ukitikisa kidogo kila dakika kumi. Kisha pandisha na kushusha kimiminika kwa pipeti ya mikrolita 200, mara 20 hadi 30, pasipo mapovu. Mapovu huua seli kuliko kolajenezi yenyewe. Chuja kwa wavu wa maikromita 40, osha mara mbili kwa kuzungusha kwa nguvu ya g 300 kwa dakika 5 hadi 10, kisha hesabu seli hai kwa rangi ya tripani bluu. Seli hai zikiwa chini ya asilimia 85, usipandikize. Rudi uone ni wapi uliporefusha muda.

Tripsini haifai hapa. Hukata protini za juu ya seli ambazo utazihitaji kuzitambua, na hupunguza uwezo wa seli kushika makazi mapya.

Kuikuza AGM peke yake

Hatua hii ndiyo inayojibu swali la chimbuko, maana nyama iliyokatwa haipati tena mgeni kutoka kwenye damu. Seli shina zikiongezeka humo, zimetokea humo.

Tumia vichujio vya Durapore vya maikromita 0.65. Vichemshe katika maji safi ya maabara mara tatu, ukibadilisha maji kila mara, ili kuondoa sabuni ya kiwandani, kisha vikauke kwenye kabati lenye hewa safi. Weka wavu wa chuma kisichoshika kutu ndani ya kila shimo la sahani yenye mashimo sita, weka kichujio juu ya wavu, na ujaze M5300 (kimiminika cha kukuzia seli za damu) iliyoongezwa haidrokotisoni mikromola 1. Kiasi cha mililita 5 hutosha, lakini kigezo si kiasi: kimiminika kiguse kichujio kwa chini, kisipande juu yake. AGM inahitaji hewa juu na chakula chini. Ikizama, katikati yake hufa kwa kukosa oksijeni, nawe utadhani haina seli shina.

Panga AGM nne hadi sita kwa kila kichujio zisigusane. Ziache kwa siku tatu kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye kabonidioksaidi asilimia 5. Zitatandaa na kuonekana bapa. Hilo ni la kawaida. Zikigeuka za kijivu na kumeguka, zilizama au vichujio havikuchemshwa vizuri. Baada ya siku tatu zitenganishe kwa kolajenezi kama hapo juu. AGM ya siku ya 11, iliyoanza na seli shina moja hivi, hufikisha kama 12 kwa njia hii. Mfuko wa kiiniyai ukikuzwa vivyo hivyo huongeza kidogo sana, na ini la siku hiyo haliongezi: linapokea na kulea likiwa mwilini, halianzishi.

Ipo njia ya pili, ya kutenganisha seli kwanza, kuzirundika upya kwa kuzizungusha ndani ya ncha ya pipeti, na kuliweka bonge hilo juu ya kichujio pamoja na vichocheo vya ukuaji vya IL-3, SCF na Flt3L, nanogramu 100 kwa mililita kila moja, kwa siku nne. Faida yake ni kwamba unaweza kuchagua seli fulani kabla ya kuzirundika, na hivyo kujua ni zipi hasa zinazogeuka kuwa seli shina. Kwa njia hii ndipo ilipojulikana kwamba siku ya 10.5 AGM tayari ina makumi ya seli zilizo njiani, ambazo zikipandikizwa moja kwa moja kwa panya mzima hazizai kitu.

Kuziona kwa macho

Kupandikiza kunakupa hesabu, lakini hakukuonyeshi mahali. Kwa mahali, paka rangi kiinitete kizima. Kitie kwenye formaldehaidi asilimia 2 kwa dakika 20 juu ya barafu, si zaidi, maana ikizidi kingamwili ya c-Kit (protini ya juu ya seli changa za damu) hushindwa kushika. Kipitishe kwenye methanoli asilimia 50 kisha 100, dakika kumi kila moja. Kwenye methanoli kinaweza kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa majuma. Kata kichwa, miguu, na ukuta mmoja wa ubavu ili mwanga ufike kwenye aota. Zuia mshiko usiotakiwa kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta asilimia 1 na Triton X-100 asilimia 0.4 ndani ya PBS, kisha kingamwili za c-Kit na CD31 (alama ya seli za ukuta wa mshipa) usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha mara tatu, kila mara saa nzima. Mwisho king'arishe kwa mchanganyiko wa pombe ya benzili fungu moja na benzili benzoati mafungu mawili. Mchanganyiko huo huyeyusha plastiki na ni sumu, kwa hiyo tumia vyombo vya kioo na glavu za naitrili.

Chini ya hadubini ya konfoka utaona ukuta wa aota ukiwa na CD31 kote, na juu yake vishada vidogo vya seli zenye c-Kit na CD31 pamoja, vikining'inia ndani ya mshipa kama zabibu. Siku ya 10.5 idadi ya seli hizo hufikia kilele, mia sita hadi mia saba kwa kiinitete. Ilinganishe na seli shina moja, au isiwepo hata moja, inayopatikana kwa kupandikiza siku hiyo hiyo. Ukiona kishada, umeona eneo la uzazi. Bado hujaona seli shina.

Vishada hivyo hutoka kwenye ukuta wenyewe: seli ya endothelia, yaani ya utando wa ndani wa mshipa, hubadilika, hujikunja na kuchomoza kuelekea kwenye damu. Mwaka 2010 Boisset na wenzake waliitazama seli ikifanya hivyo katika vipande hai vya kiinitete cha panya, na mwaka huo huo makundi mengine mawili yakaona vivyo hivyo kwa samaki pundamilia. Jeni ya Runx1 ndiyo mlango wa badiliko hilo. Panya wasio nayo hufa karibu na siku ya 12.5 wakivuja damu, hawana vishada wala damu ya ini. Mwaka 2009 Chen na wenzake walionyesha kwamba Runx1 inahitajika hasa wakati seli bado iko kwenye ukuta. Ikishakuwa seli ya damu, kuiondoa hakuzuii tena kuzaliwa kwa seli shina. Kwa hiyo kiinitete kisicho na Runx1 ni kidhibiti kizuri cha rangi zako: ukiona vishada ndani yake, kingamwili yako inadanganya.

Kupandikiza

Kipimo pekee cha seli shina ni kazi yake. Koloni (makundi ya seli yanayoota) kwenye jeli ya methiliselulosi, hata ziwe kubwa na za aina nyingi, huonyesha seli tangulizi, zinazozaa damu kwa muda mfupi tu, na mfuko wa kiiniyai una seli hizo kwa wingi tangu siku ya 8.5 bila kuwa na seli shina. Makosa mengi katika fani hii yalianzia kwenye kusoma koloni kama ushahidi wa chimbuko.

Chagua mtoaji na mpokeaji wanaotofautiana kwa CD45, protini ya juu ya seli nyeupe za damu, ili seli za kila mmoja zitambulike: mmoja wa CD45.1, mwingine wa CD45.2. Wapokeaji wawe wazima wa miezi miwili hadi mitatu. Wape mionzi ya Gray (kipimo cha mionzi) 9 hadi 9.5 ili kuua uboho wao wenyewe, ikigawanywa mara mbili kwa pengo la saa tatu. Kugawa hupunguza madhara kwenye utumbo. Dozi inategemea aina ya panya na mashine yako, kwa hiyo ipime kwanza kwa kikundi kidogo. Changanya seli za AGM na seli 200,000 za wengu za mpokeaji wa aina ile ile, zitakazombeba kwa majuma ya mwanzo, kisha uzidunge kwenye mshipa wa mkia kwa ujazo wa mikrolita 200 hadi 300. Weka antibiotiki kwenye maji ya kunywa kwa wiki nne, na mpime kila mnyama uzito. Aliyepoteza asilimia 20 asisubiri mwisho wa jaribio. Aondolewe kwa njia ya huruma.

Dozi ihesabiwe kwa kiinitete, si kwa idadi ya seli, maana swali ni seli shina ngapi ziko katika AGM moja. Jaribu dozi za AGM 3, AGM 1 na theluthi ya AGM, wapokeaji wasiopungua sita kwa kila dozi. Dozi ambayo kwayo asilimia 37 ya wapokeaji hawakushika ndiyo yenye seli shina moja kwa wastani. Wote wakishika, hujazimua vya kutosha, na huwezi kutoa hesabu.

Pima damu mwezi wa kwanza na mwezi wa nne. Mwezi wa kwanza hudanganya: seli tangulizi za muda mfupi huonekana kama ushindi, kisha zikatoweka. Mwezi wa nne ndio wa kusoma. Hesabu kuwa ameshika yule ambaye damu yake ina zaidi ya asilimia 5 ya seli za mtoaji, tena katika matawi yote: seli T, seli B, na zile za mieloidi (seli nyeupe zisizo za limfu) zenye alama za Mac-1 na Gr-1. Usitazame seli T peke yake, kwani seli T za mpokeaji hustahimili mionzi na huishi muda mrefu, na kuishusha asilimia ya mtoaji isivyo haki. Kisha chukua uboho wa aliyeshika, seli milioni 3, upandikize kwa mpokeaji wa pili aliyepigwa mionzi, na usubiri miezi minne mingine. Seli isiyovuka daraja hilo la pili haikuwa na uwezo wa kujirudufu.

Ukipandikiza kwa panya wachanga wa siku moja au mbili badala ya wazima, jibu hubadilika. Yoder na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba hata seli za mfuko wa kiiniyai za siku ya 9 hushika kwa mpokeaji mchanga, ambaye ini lake bado linalea damu. Taarifa yako iseme wazi ni mpokeaji gani uliyemtumia. Ubishi mwingi kati ya maabara ulitokana na kutotaja hilo mapema.

Anayetaka kufunga mlango wa mzunguko kabisa ana njia mbili. Ya kwanza ni kukata kabla damu haijaanza kuzunguka, yaani kabla ya siku ya 8.5, na kukuza sehemu ya mwili na mfuko kila kimoja kivyake. Cumano na wenzake walifanya hivyo na kupata seli za limfu kutoka kwenye sehemu ya mwili tu, mfuko ukitoa mieloidi pekee. Ya pili ni kutumia viinitete visivyo na jeni ya Ncx1, ambavyo moyo wake haupigi. Kila seli hubaki ilipozaliwa. Lakini hapa kuna mtego: msukumo wa damu kwenye ukuta wa aota nao huchochea kuzaliwa kwa seli shina, kwa hiyo kutozikuta katika kiinitete kisicho na mzunguko hakumaanishi kwamba mahali hapo hapazai.

Kwa binadamu hatua ni zile zile, ila tishu hupatikana kwa ridhaa ya wazazi baada ya mimba kutolewa, na wapokeaji ni panya wasio na kinga. Vishada kwenye aota huonekana karibu na siku ya 27 ya mimba. Mwaka 2011 Ivanovs na wenzake walikuta seli shina za kwanza kwenye AGM karibu na siku ya 32, kabla ya ini, kondo la nyuma na mfuko wa kiiniyai. Zilikuwa chache mno kwa kila kiinitete, lakini seli shina moja ilizaa mabinti wasiopungua 300 wenye uwezo ule ule ndani ya panya mmoja.